Muzazi anapofikia siku za mwisho ndani ya nyumba ya wazee: familia inaweza kufanya nini?

Simu inalia asubuhi. Ni sista mwenye anasimamia nyumba ya wazee: "Mama yenu hakule tena, leo ni siku ya tatu. Mukuje." Kuanzia pale, maulizo yanajaa ndani ya familia. Tumupeleke hospitali? Tumurudishe nyumbani? Tumutie serumu? Nani atalipa? Na kuko ulizo lingine lenye hakuna mutu analisema kwa sauti: je, tulimutupa muzazi wetu?

Familia nyingi zinafika kwenye saa ile bila kuwa zimeongea kitu. Lakini kuko mambo mengi yenye yanaweza kufanywa ili muzee aende bila maumivu makali, akiwa safi, na akiwa na mutu wake pembeni. Mengi kati ya yale mambo hayaombi mashini wala franga nyingi. Yanaomba kujua, na kufika mapema.

Kwa nini wazee wanafika mule

Kwa desturi za watu wa Kivu, Ituri, Maniema na Tshopo, muzee anazeekea kwa watoto wake. Ndiyo sababu nyumba za wazee hazijakuwa nyingi huku kwetu. Zile zenye ziko, mara nyingi ni kanisa, masista ama mashirika madogo yanazisimamia, na zinaishi kwa zawadi za watu wa mapenzi mema.

Wale wenye wanaishi mule walifika kwa njia mbalimbali. Kuko wenye vita viliwaulia watoto ama viliwatawanya mpaka hawajuane tena wako wapi. Kuko wajane wenye hawakuzaa. Kuko wamama wenye walifukuzwa mu kijiji sababu walishitakiwa ulozi, wakati kosa lao lilikuwa tu kuzeeka na kubaki peke yao. Na kuko wenye wana watoto wazima, wenye kuwapenda, lakini ugonjwa unaomba watu wawili wa kuwainua kitandani usiku na mchana, na watoto wanafanya kazi ama wanaishi mbali.

Kwa hiyo, kuwa na muzazi ndani ya nyumba ya wazee si lazima kuwa umemutupa. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 40, inasema watoto wana wajibu wa kusaidia wazazi wao. Kifungu cha 49 kinasema mutu mwenye kuzeeka ana haki ya kulindwa kulingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya roho. Hakuna fasi vile vifungu vinasema muzazi ni lazima alale mu nyumba ya mutoto wake. Wajibu ni kusaidia, na ule unaendelea hata kama kitanda kiko kwa masista. Muzee anatupwa siku watu wanaacha kumufikia.

Matunzo ya faraja ni nini?

Wanganga wanatumia neno la Kifaransa *soins palliatifs*. Ni matunzo ya mugonjwa mwenye ugonjwa wake hauponi tena. Kazi yake si kufukuza kifo, wala si kukiharakisha. Ni kupunguza maumivu, kulinda heshima ya mugonjwa, na kusaidia familia yake.

Mama munganga mumoja wa Uingereza, Cicely Saunders, alifungua nyumba ya matunzo ya namna ile Londoni mwaka 1967. Alifundisha kama maumivu ya mutu mwenye kukaribia kufa haiko ya mwili tu. Kuko pia maumivu ya moyo, ya roho, na ya mambo ya familia yenye haijatengenezwa. Dawa ya mugongo haiponyeshe muzee mwenye kulia usiku sababu hajasameheana na mutoto wake.

Karibu na sisi, kule Kampala, munganga Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Wanatengeneza morfini ya kunywa, ya bei ndogo, na wanafuata wagonjwa mpaka kwao nyumbani. Tangu 2004, Uganda inaruhusu hata wauguzi wenye walifundishwa ile kazi waandike morfini, bila kungojea munganga mukubwa. Mwaka 2014, mukutano wa Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) uliomba inchi zote ziingize matunzo ya faraja ndani ya kazi zao za afya. Lakini njia ingali ndefu: OMS inasema kati ya watu 100 wenye wanahitaji ile matunzo, karibu 14 tu ndio wanaipata.

Mbele ya yote: ni mwisho, ama ni ugonjwa wenye unaweza kupona?

Muzee mwenye kulala sana na kukataa chakula haiko kila mara anakufa. Malaria, mapafu, kuhara, ugonjwa wa njia ya mikojo, hata tu kukosa kwenda choo siku nyingi, vinaweza kumuangusha muzee na kumuchanganya akili. Wazee wengine hawapate homa kali sawa vijana. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuomba muuguzi amuangalie: apime malaria, asikilize pumzi, aguse tumbo, aulize juu ya mikojo. Kama kuko kitu cha kutibu, kitibiwe.

Kama muuguzi ao munganga anasema mwili wenyewe ndio umechoka, ama ugonjwa wa zamani (kansa, moyo, figo) umefika mwisho wake, basi kuko alama zenye zinafuatana mara mingi:

- analala saa nyingi zaidi kila siku, na kuamuka kunakuwa kugumu;
- anakula na kunywa kidogo, kisha anaacha;
- mikojo inapunguka na inakuwa nyeusi-nyeusi;
- mikono na miguu inakuwa baridi, ngozi inabadilika rangi;
- pumzi inakatika kwa kitambo, kisha inarudi;
- sauti sawa ya maji inasikika ndani ya koo.

Ile sauti ya koo inaogopesha familia sana. Ni mate yenye mugonjwa hana tena nguvu ya kumeza. Mara nyingi yeye mwenyewe hateseke nayo. Kumulaza kwa upande, kichwa kiinuliwe kidogo, kunasaidia.

Kuko alama ingine yenye inaomba akili sana huku kwetu. Muzee anaweza kuanza kuongea na mama yake mwenye alikufa zamani, kuita majina ya watu wenye hawako, ama kusema vitu vyenye haviunganike. Wanganga wanajua jambo lile: ubongo umechoka. Haiko ulozi, na haiko kuungama. Familia zingine zimechukua yale maneno sawa ushahidi, na mama muzee amemaliza siku zake katika matusi ya watoto wake mwenyewe. Kumubishia hakusaidie. Inatosha kumushika mukono na kumujibu pole pole.

Chakula na serumu: fasi watu wanagombana

Kwa watu wetu, kupenda mutu ni kumupa chakula. Ndiyo maana mutoto anapofika na buyi ya moto mu termosi na kuona mama anafunga mudomo, anaumia sana. Wengine wanalazimisha. Wengine wanasema: "Mama, kama hauli, ni kusema unataka kutuacha." Maneno yale yanamuongezea muzee muzigo.

Mwili wenye kufunga kazi hauombe tena chakula. Muzee hafi sababu hakuli: anaacha kula sababu anakufa. Na chakula chenye kulazimishwa kinaweza kuingia mu mapafu na kumuziba pumzi. Kama anataka, apewe kijiko kidogo, akiwa ameinuliwa, chai ama buyi nyepesi, kitu chenye alikuwa anapenda. Akianza kukohoa ao kama chakula kinabaki mu mudomo, basi waache.

Serumu nayo ni vile vile. Kwa mugonjwa wa kolera ama mwenye kuhara sana, serumu inaokoa maisha. Lakini mu siku za mwisho kabisa, moyo na figo haviwezi tena kuendesha ile maji. Yanajaa mu miguu, mu mapafu, na sauti ya koo inaongezeka. Mara mingi serumu inawekwa juu ya kutuliza familia, haiko juu ya kumusaidia mugonjwa. Ni vizuri kuuliza munganga waziwazi: "Hii serumu itamufanyia nini?"

Chenye mugonjwa anasikia sana ni mudomo kukauka. Dawa yake ni rahisi: kitambaa safi chenye kulowana maji kidogo, kupitishwa ndani ya mudomo na juu ya ulimi mara kwa mara, na mafuta kidogo kwenye midomo. Hata mujukuu wa miaka kumi anaweza kufanya ile kazi.

Maumivu: muzee asiachwe kuyavumilia

Wazee wetu walifundishwa kuvumilia. Wengi watasema "niko muzuri" hata wakati meno yamekazana. Kwa yule mwenye haongee tena, mutu anaangalia uso: paji la uso likikunjana, akilia pole pole wakati wa kumugeuza, akikaza mikono, akihema haraka, basi kuko maumivu.

Tangu 1986, OMS inafundisha kupanda ngazi: kuanza na paracetamol kwa maumivu madogo, kupita ku dawa za katikati, na kufika kwa morfini wakati maumivu ni makali. Dawa inapewa kwa saa yake, haiko kungojea mugonjwa alie. Morfini ya kunywa, kwa kawaida, inapewa kila saa ine. Inafunga tumbo, kwa hiyo inaenda pamoja na dawa ya kulainisha choo.

Wengi wanaogopa na kusema morfini ni dawa ya kuua. Kwa kipimo chenye munganga ameandika, na chenye kuongezwa pole pole, inaondoa maumivu na haiharakishe kifo. Ni kweli kama ni dawa yenye kulindwa na sheria, haiuzwe sawa paracetamol, na kuipata haiko rahisi: uchunguzi wa jarida la wanganga The Lancet mwaka 2017 ulionyesha kama nusu ya watu wa dunia, wale masikini zaidi, wanapata asilimia 1 tu ya dawa za namna ile. Ndiyo maana familia inapaswa kuuliza mapema: munganga gani anaweza kuiandika? Hospitali gani mu muji wanayo? Kungojea mpaka usiku wa maumivu ni kuchelewa. Na kutafuta vidonge vikali vya barabarani, bila munganga kujua, ni hatari.

Kazi ya mikono, kila siku

Mu nyumba za wazee, mufanyakazi mumoja anaweza kuwa na wazee wengi wa kuangalia. Pale familia inapofika, isikae tu pembeni na kusali. Kuko kazi.

Kugeuza. Mugonjwa mwenye hageuke mwenyewe anapaswa kugeuzwa karibu kila saa mbili, kama haimuumize. Fasi za kuangalia ni visigino, nyonga, chini ya mugongo, mabega na masikio. Ngozi ikianza kuwa nyekundu ama nyeusi zaidi na ya moto, pale kidonda kinakuja. Fasi ile isisuguliwe. Kikwembe chenye kukunjwa kikiwekwa katikati ya magoti na chini ya miguu, visigino vinabaki hewani.

Kusafisha. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kisha kukausha muzuri, zaidi mu mikunjo. Nguo ama pampasi yenye kulowana ibadilishwe bila kungojea, na bila kumusemea maneno ya haya.

Heshima. Mama asioshwe na kijana wake mwanaume kama hataki. Mulango ufungwe, mwili ufunikwe sehemu yenye haioshwe. Kabla ya kumugusa, aambiwe: "Baba, sasa tunakugeuza." Hata kama hajibu.

Hospitali ama kubaki pale?

Hili ndilo jambo lenye linapasua familia. Mutoto mwenye kuwa Kinshasa, Kampala ama Ulaya anatuma franga ya ku simu na kuagiza: "Mumupeleke hospitali leo." Dada mwenye kuwa pale anaona mama amechoka na anaomba aachwe apumzike. Wote wawili wanamupenda. Mumoja anaona kitanda, mwingine anaona tu woga wake.

Kwenda hospitali kuna maana kama kuko kitu cha kutengeneza: mufupa wenye kuvunjika, damu yenye kutoka, ugonjwa wenye kutibika, maumivu yenye yamekataa kutulia. Lakini kumubeba muzee wa pumzi za mwisho kwenye pikipiki ama mu gari, juu ya barabara zetu, ili afie mu kolido kati ya watu wenye hawamujui, hakumusaidie. Na kuko fakture: familia zingine zimeona mugonjwa ama maiti inazuiliwa mpaka deni ilipwe. Kuuliza bei mbele ya kuondoka haiko kukosa upendo.

Jibu la muzuri linatayarishwa wakati muzee angali anaongea. Ni yeye wa kuulizwa kwanza: anataka kufia wapi? Nani awe pembeni? Kuko mutu wa kuitiwa, deni, shamba, neno la kuacha? Watu wengi wanaogopa kama kuuliza vile ni kuita kifo. Mara mingi muzee ndiye alikuwa anangojea aulizwe. Kisha familia ichague mutu mumoja wa kuongea na masista na wanganga. Majina mawili, namba mbili za simu, na mambo yenye muzee alisema, viandikwe na vibaki kwa musimamizi wa nyumba. Karatasi moja tu inaweza kuzuia kelele nyingi.

Maneno, maombi, na ndugu wenye kuwa mbali

Wauguzi wanashauria kuongea na mwenye kukaribia kufa sawa vile angali anasikia, hata macho yakiwa yamefungwa. Kwa hiyo mambo ya sanduku, ya mashamba na ya michango ya kilio, watu watoke inje wakaongelee kule.

Maneno ya kusema ni machache: asante, utusamehe, tumekusamehe, tutabaki pamoja. "Mama, niko hapa. Ni miye, mutoto wako wa pili. Batoto bote beko muzima. Upumzike." Kwa wale wenye barabara, vita ama makaratasi viliwazuia, simu iwekwe karibu na sikio la muzee na waongee. Mufanyakazi wa nyumba anaweza kushika ile simu.

Kwa dini, imani ya kufuata ni ya muzee, haiko ya mutoto mwenye kulipa. Kwa Wakatoliki, mpako wa wagonjwa haiko wa dakika ya mwisho tu: padri aitwe mapema, muzee angali na akili ya kuitikia. Waprotestanti wataita mchungaji na waimbaji wachache. Kwa Waislamu, wengi Kasongo, Kindu na kwingine, ndugu anamukumbusha shahada kwa upole, na anageuzwa kuelekea kibla kama inawezekana. Nyumba nyingi za masista zinapokea wazee wa dini zote, lakini ni familia ya kusema mapema muzazi wao anasali wapi.

Kisha pumzi ya mwisho

Hakuna haraka. Muuguzi anahakikisha na kuandika saa. Familia inaweza kukaa na muzee kwa muda, kufunga macho yake, kusali, kulia.

Kuosha mwili kunafuata desturi ya kila watu, isipokuwa watu wa afya wakisema kuko ugonjwa wa kuambukiza. Ebola ya 2018 mpaka 2020, yenye iliua watu zaidi ya 2.200, zaidi mu Kivu ya Kaskazini na Ituri, ilitufundisha jambo lile kwa machozi. Wakisema musiguse, basi musiguse.

Cheti cha kifo kutoka kwa munganga ndicho kinasaidia kuandikisha kifo ku biro ya *état civil*. Bila ile karatasi, mambo ya urizi ao pansyo yanakuwa magumu.

Kuko pia watu wenye tunasahau: wazee wengine wenye kubaki. Asubuhi wanaona kitanda kitupu na hakuna mutu anawaambia kitu. Wao pia walipoteza rafiki wa mu chumba. Familia ikipita kuwasalimia na kusali nao kidogo, mbele ya kubeba mwili, itakuwa imewafanyia jambo kubwa. Na yule mufanyakazi mwenye alikuwa anamuosha muzee kila asubuhi, anastahili kukaa mu matanga pamoja na jamaa.

Maulizo ya kupeleka kwa safari yenye kuja

Familia yenye ina muzazi ndani ya nyumba ya wazee, hata kama angali na nguvu, inaweza kuuliza leo:

- Usiku, nani anabaki na wazee? Kuko muuguzi wa kuitwa?
- Kwa maumivu makali, dawa inatoka wapi, na munganga gani anaandika?
- Mugonjwa wa siku za mwisho anaweza kupata chumba ama pazia?
- Mutoto anaweza kulala pale? Kuko kiti, matela?
- Simu ya nani inaitwa ya kwanza?
- Muzee mwenyewe alisema anataka nini?

Lile ulizo la mwisho, musimamizi hawezi kulijibu kama familia haijamuuliza muzee.